Madubwana Yenye Adabu

Jasho lilikuwa likimtoka fundi seremala hata kabla hajafika mlangoni, na wala jua halikuwa kali. Mkononi kashika kimfuko cha dadu, kwapani kitabu cha kanuni kilichojaa madoa ya gundi, maana wiki nzima alikuwa akikisoma karakanani badala ya kumaliza kabati la watu. Mwenye kabati alishakuja juu mara mbili. Lakini mtu aliyeposa akanyimwa jibu, kabati kwake ni nini?

Mambo yalikuwa hivi. Posa ilishapelekwa. Baba wa mchumba wake, dereva wa kreni aliyestaafu, mtu wa maneno machache, alijibu, "Nimesikia." Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na miezi ikawa inakatika. Kila Jumapili fundi alikaribishwa sebuleni, akapewa kiti kilekile kinachoyumba, akasema asante, akakaa kuitazama familia ikicheza mchezo wao wa mezani. Kila mmoja alikuwa na shujaa wake wa kubuni, katikati ya meza kuna ramani ya mapango, na mapangoni kuna madubwana ya kupigana nayo. Mchezo aliuleta shemeji, kaka wa mchumba, muuza dawa ambaye nyumbani walimwita Mwanasheria kwa jinsi alivyokariri kanuni. Mzee akanogewa nao kuliko wote.

Jumapili iliyopita, bila kuinua macho, mzee akatamka, "Wiki ijayo madubwana atayaendesha fundi."

"Baba, hata kanuni hazijui!" mchumba akadakia.

"Si atajifunza?"

Moyo wa fundi ulilipuka paa, na tangu hapo haukutulia.

Kusema kweli, kanuni alizielewa. Dubwana lina alama za uhai, zikiisha limekufa. Zamu yake ikifika linasogea, kisha linapiga. Unarusha dadu ya pande ishirini, unajumlisha nguvu za dubwana, ukifikia kiwango cha ngao ya adui, pigo limempata. Ukimpita adui ukampa mgongo, anakuchapa pigo la bure. Na dubwana lisilo na akili, kitabu kilisema wazi, humvamia aliye karibu nalo zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi. Shujaa wa mzee, mbeba shoka aitwaye Mkongwe, hajawahi kukaa nyuma hata siku moja, na wiki iliyopita alitumbukia shimoni akabaki na uhai kiduchu.

Sasa niambieni nyie: baba mkwe unampigaje? Hata kwa dadu, unaanzia wapi?

Basi mchezo ukaanza. Madubwana matatu ya mawe, yasiyo na akili, yakatoka pangoni, na Mkongwe huyo, kasimama mbele yao na shoka lake. La kwanza likampita, likaenda kumtwanga shemeji. Shemeji hana neno, shemeji unamtania hata kwa rungu. Lakini lilipopita, Mkongwe akalichapa pigo la bure, likafa. La pili likazunguka nyuma ya nguzo, likampita vilevile, likafa vilevile. Fundi alikuwa akirusha dadu kwa vidole vilivyolowa, macho kayabandika kwenye ramani asikutane na ya mtu.

"Wewe bwana!" shemeji akapiga meza. "Mbona madubwana yako yana adabu hivi? Yanampita baba kama yanabisha hodi!"

Mchumba akacheka mpaka akajishika mbavu. Mzee hakucheka.

"Fundi," akasema. "Hilo lililobaki liko wapi?"

"Hapo, baba. Ubavuni mwa Mkongwe."

"Aliye karibu nalo ni nani?"

"Ni Mkongwe."

"Na wewe unalipeleka kwa nani?"

"Kwa shemeji."

"Binti yangu huyu ana kichwa kigumu, kanirithi mimi. Siku akikosea utamwambia, au utamzunguka hivihivi?"

"Jamani, baba!"

"Namuuliza yeye."

Fundi aliona amekwisha. Akimpiga, atakuwa amemuua kipenzi cha mzee mbele ya watoto wake. Asipompiga, jibu la posa ni hapana, keshalisikia. Akaichukua dadu, akaitupa kabla mkono haujabadili nia. Ikabingirika mpaka pembeni ya meza, ikasimama. Kumi na tisa.

"Limempata," akasema. "Mkongwe amekufa, baba."

Mzee akaichukua karatasi ya shujaa wake, akaitazama kwa muda, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Na hicho kiti?"

"Kiti, baba?"

"Unachokalia. Kinayumba, hakiyumbi?"

"Kinayumba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoposa."

"Nilikikata mguu mwenyewe, kwa msumeno. Nikasema, fundi seremala atakaa juu yake wiki moja, ya pili atasema. Wewe miezi yote hii unayumba tu, asante baba, asante baba." Akashusha pumzi. "Kesho njoo na vifaa vyako ukitengeneze. Ukimaliza, waambie wazee wenu waje wachukue jibu lao. Na waje wamevaa vizuri."

Mchumba akaziba mdomo kwa viganja. Fundi akafungua kinywa kusema asante, akakifunga.

"Kesho sitaweza, baba," akasema. "Nina kabati la watu, nimelichelewesha. Nitakuja keshokutwa."

Shemeji akamkodolea macho. Mzee akamtazama fundi, na kwa mara ya kwanza tangu posa ifike, akacheka.

"Haya," akasema. "Keshokutwa."