Waliponuniana Mama Loisi na Mama Morini

Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa iliyokaa mno kwenye birika kubwa la umeme, kahawa nyepesi iliyochanganyika na maziwa ya unga, narudi moja kwa moja kwenye chumba cha chini ya kanisa letu kule kusini mwa Minneapolis. Nawaona wanawake wawili wenye mvi wakinifunga zipu ya koti. Mmoja anavuta, mwingine ananiinua kidevu kisibanwe, na wote wawili wanabishana kama koti lenyewe ni kubwa au ni dogo. Nilikuwa na miaka minane, tumefika kutoka kambi ya wakimbizi katikati ya baridi, na sikuelewa neno hata moja. Lakini nilijua kwamba hawa wanapendana, kwa sababu watu wasiopendana hawabishani kwa raha namna ile.

Mmoja aliitwa Lois, mwenyeji wa Minnesota, na nyumba yake ilikuwa Champlin, karibu na mto. Mwingine alikuwa Maureen, Mwingereza, aliyekuja ujanani akimfuata mume aliyepata kazi Plymouth ya huku huku Minnesota. Mume alikufa, yeye akabaki. Sisi tukawaita Mama Loisi na Mama Morini, na wao wakakubali bila neno. Mama Morini alikuwa ameishi Amerika zaidi ya nusu ya maisha yake, na bado aligoma katakata kuendesha gari upande wa kulia wa barabara. Basi Mama Loisi alikuwa dereva wake. Alimpeleka kanisani, sokoni, kwa daktari, na kwetu mtaa wa Phillips kila Jumamosi, huku akilalamika njia nzima kwamba gari lake linanuka majani ya chai.

Kanisa liliwapa kazi ya kutupokea, nao wakaifanya kupita kiasi. Walimfundisha Mama kuwasha oveni, kupanda basi, na kutomfungulia mlango kila anayebisha. Baba alifanya kazi kiwandani usiku na mchana alilala, kwa hiyo wale wawili ndio walikuwa shangazi zetu, nyanya zetu na serikali yetu. Mama alipopata mimba na kuambiwa kwamba ni msichana, hakufikiri mara mbili. Aliwaketisha na kuwatangazia kwamba mtoto atabeba majina yao yote mawili.

Sijui kama walielewa uzito wa jambo lile. Kwetu, upande wa Mama, jina si zawadi tu. Mwenye jina anakuwa kama mzazi wa pili. Wakiwa wawili, basi wamefungwa wao kwa wao pia, na lazima waweze kula pamoja na kusalimiana, la sivyo mtoto anabebeshwa ugomvi kabla hajajua kuketi. Mama Loisi alitoa machozi. Mama Morini alisema mtoto maskini, ataitwa kama kampuni ya mawakili.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, wakatuletea kitanda cha mtoto. Kilikuwa kwenye boksi, vipande vipande, nao wakapiga magoti sebuleni na bisibisi moja wakaanza kukiunga. Zilikuwa siku zile za habari za Syria na gesi ya sumu, Wamarekani wakisema watakwenda kupiga. Na siku hizo hizo bunge la Uingereza lilikuwa limepiga kura kukataa kwenda nao.

Mama Loisi ndiye aliyeanza, kwa utani wa nusu. "Miaka yote tumekwenda bega kwa bega, na leo mnatuacha peke yetu," alisema, akitafuta skrubu kwenye zulia.

"Safari hii tumepata akili," alijibu Mama Morini. "Mara ya mwisho tuliwafuata Iraq kwa ajili ya uongo mtupu. Vijana wakafa bure."

Mimi, wenzangu, nilifurahi. Sisi tulikuwa tumekimbia vita, na nilidhani mtu yeyote anayesema vita ni vibaya amesema vizuri. Nikasubiri Mama Loisi acheke. Hakucheka. Aliweka bisibisi chini taratibu, akasimama kwa kushika ukuta, akachukua pochi yake. Alisema lazima aende, ana jambo nyumbani. Tukasikia gari likiondoka, na ndipo tukatambua kwamba Mama Morini amebaki bila usafiri. Aliketi kando ya kitanda kilichosimama upande mmoja, uso umemwiva, akitazama mikono yake.

Tangu siku ile wakaanza kuja kila mmoja peke yake. Mama Loisi alikuja Jumanne na kahawa yake kwenye chupa. Mama Morini alikuja Ijumaa, kwa mabasi, akashuka amechoka na kofia imepinda. Kila mmoja aliuliza habari za tumbo la Mama, na hakuna aliyemtaja mwenzake. Mama alipowauliza, kila mmoja kwa siku yake alitabasamu na kusema hakuna kitu, wako sawa kabisa. Watu wa Minnesota wanaweza kukasirika mwaka mzima na tabasamu lisiwatoke usoni, na Mama Morini alikuwa amejifunza hilo vizuri, japo kuendesha gari kulimshinda.

Kwa akili yangu ya utoto, kosa lilikuwa la Syria. Nilimwomba mwalimu anionyeshe iko wapi kwenye ramani, nikaichukia pale pale ilipo, nikawa naomba kila jioni iishe haraka ili tupate kumalizia kitanda.

Mama hakuilaumu Syria. Alikumbuka picha iliyokuwa sebuleni kwa Mama Loisi, kijana mwenye masikio makubwa na sare ya jeshi. Alikuwa mtoto wake wa pekee, Danny, aliyekufa Iraq.

"Mutoto hawezi beba jina ya batu benye habasalimiane," Mama alimwambia Baba kwa Kiswahili cha kwetu, kinachosema "batu" badala ya "watu", akikunja nguo ndogo. "Nitabaita bote. Bakule hapa."

"Baache bazungu na mambo yabo," Baba alisema. "Utabapoteza bote babili."

Hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu hatukuwa na watu wengine.

Mama aliwaita Jumamosi, kila mmoja kwa siri. Kwetu mambo hufanywa hivyo, na hakuna anayeona ametegwa. Kwao, nadhani, ulikuwa ukosefu wa adabu wa kupindukia. Walipokutana mlangoni walisalimiana kwa adabu ya watu wanaopishana benki. Mezani Mama aliweka bugali na sombe, yaani kisamvu, na samaki kwenye sinia moja tu, katikati yao, bila sahani wala uma. Wakala. Mama Loisi alisifu chakula, Mama Morini akasifu hali ya hewa, Mama Loisi akakubali kwamba ni kweli, hali ya hewa ni nzuri.

Ndipo Mama akaniita nisimame kando yake nitafsiri. Kiingereza changu kilikuwa kimeshapita chake mbali.

"Umwambie Mama Morini hivi. Kwetu, ukisema vibaya juu ya kufa kwa mutoto wa mwenzako, hata kama ulisema ukweli, unakuja kwa mama yake. Unaketi. Unasema jina yake. Ni vile tu. Mambo ya ba-gouvernement, ba serikali, babaki nayo."

Nilimwambia Mama kwa Kiingereza kwamba sitaki. "Mama, please, no."

"Sema, Furaha."

Nikasema. Nilisema yote mpaka mwisho nikiwa nimeangalia samaki. Niliona shingo ya Mama Loisi ikiwa nyekundu, nikajua sasa atachukua pochi, na yule mwingine atachukua kofia, na Baba atakuwa amesema kweli.

"Danny," alisema Mama Morini. Alikohoa, akaanza tena. "Daniel. Nilimpa chai ya kwanza maishani mwake. Alikuwa na miaka minne, akaimwaga kwenye viatu vyangu. Niliposema vile, Lois, sikumfikiria. Niliwafikiria mawaziri."

Mama Loisi alirudisha tonge la bugali kwenye sinia.

"Najua ilikuwa uongo," alisema. "Nimejua zamani. Nimesoma yote. Wengine wakiniambia naweza kuvumilia, hawakumjua. Wewe ulimjua. Ukisema amekufa bure, basi amekufa bure."

Mama Morini aliweka mkono wake wenye mafuta ya sombe juu ya ule wa mwenzake, na Mama Loisi akauacha pale. Walilia kwa sauti ndogo sana, kwa haya, wakiombana msamaha hata kwa kulia. Mama hakuelewa maneno na hakuniuliza. Aliwasogezea samaki.

Nisiwadanganye kwamba yote yalirudi kama zamani. Kitanda kilimaliziwa, safari za pamoja zikarudi, na mdogo wangu alipozaliwa aliitwa Lois Maureen, nao walimbeba kanisani mmoja baada ya mwingine. Lakini ule ubishi wao wa raha ulipungua. Habari zikianza kwenye redio ya gari, Mama Loisi alizima, na Mama Morini alitazama dirishani. Utotoni nilihuzunika kwa hilo. Sasa nadhani kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na kwamba ulinzi huo uliwagharimu kitu walichokipenda.

Wote wawili wamekwisha kuzikwa. Mwaka jana, tukimenya ndizi jikoni kwa Mama, nilimuuliza alipata wapi ujasiri wa kuwafanyia vile watu waliokuwa wameshika maisha yetu mikononi. Hakuogopa kuwapoteza?

"Niliogopa sana," alisema. Akaendelea kumenya. "Lakini mi pia nilingojaka. Mbele uzaliwe kulikuwa mutoto mwanaume, wa kwanza. Baaskari balimuua kwa barabara, ile siku tulikimbia. Bakubwa ba inchi balienda bakaketi hoteli, bakapatana, bakapigwa picha. Nikasema, pengine mutu moja atakuja kambini. Aketi tu, aseme jina yake."

"Alikuja?"

"Nani angekuja?"

Nilikuwa na umri wa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe, na sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na kaka. Nilimuuliza jina lake. Akaniambia. Nikaacha kisu, nikanawa mikono, nikavuta kiti mbele yake nikaketi, nikasema, "Baraka."