Muhuri Uliotupwa Chooni

Kila msimu wa kuvuna kahawa, mashamba makubwa ya Ruiru yalitoa harufu ya maganda yanayooza, kali na tamu, ikaingia hadi kwenye nguo zetu za misa. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, wakati wa Hali ya Hatari, na baba alikuwa karani wa chifu. Barua ya chifu isiyo na muhuri wa baba haikuweza kumfunga hata kuku. Watu wa msituni, waliopigana na serikali ya wakoloni, walishamtaka ale kiapo chao, akawaambia kiapo chake alikitoa siku ya ubatizo. Kwa hiyo serikali ilidhani ni mtu wake. Ilikosea.

Jumatatu moja, nikiwa nimempelekea baba githeri ya mchana ofisini, chifu aliweka mezani orodha ya majirani kumi na mmoja wa kupelekwa kizuizini, eti wamekula kiapo. "Karani, piga muhuri."

"Nani aliwaona, mzee?" baba aliuliza.

"Hiyo si kazi yako."

"Nikipiga muhuri ninasema ni kweli. Na mimi sijui kama ni kweli."

Akachukua muhuri, akatoka nje, akautumbukiza kwenye choo cha shimo, akarudi akaketi. Nilicheka kwa sauti mbele ya chifu, na sijajuta mpaka leo.

Majirani walimsihi mama amwambie mumewe aombe msamaha, kwani mwenye nguvu mpishe. "Mpisheni ninyi," mama akajibu. Muhuri mpya ulichukua siku nane kufika kutoka Thika, na siku hizo ziliwatosha saba kati ya wale kumi na mmoja kutoroka. Siku ya tisa homgadi, wale askari wa chifu, walimkamata baba akitoka misa ya asubuhi. Adhuhuri tulimkuta kati ya mibuni, amepigwa risasi, rozari ingali shingoni. Nililia hadi nikatapika. Chifu alitangaza kuwa ameuawa na watu wa msituni, akamletea mama karatasi ya kushuhudia hivyo, atie kidole gumba. Mama alikunja ngumi, na homgadi wawili hawakuweza kuikunjua.

Siku hizi Ruiru ni nyumba za kupanga mpaka Mwihoko, na karani anapiga muhuri huku akiongea kwa simu, hasomi hata mstari. Mwaka jana parokia yetu ilimkumbuka baba kama shahidi wa imani. Mheshimiwa mmoja alishika maikrofoni akamwita mtumishi mwenzake wa umma. Hasira ikanipanda, nikasimama na goti langu bovu.

"Baba aliuawa kwa kukataa kuupigia uongo muhuri. Wewe, mheshimiwa, umekataa nini?"

Kanisa zima liligeuka kumtazama, likimsubiri ajibu. Nami sikuketi.