Shamsudin Achagua Ufuo wa Kuvunja Jungu

Ukitaka kumkasirisha mtu wa mtaa wetu wa Kuze, mwambie haijui bahari. Kisiwa kizima kimezungukwa na maji, na bado kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, watu wa Mji wa Kale hulazimika kuvuka daraja kwenda Nyali kwa matajiri kutafuta mchanga wa kukalia. Lazima wavunje jungu. Mtu ale mpaka ashindwe kuinuka, maana kuanzia kesho kutwa ni funga, na kula huko kukiwa nyumbani hakuhesabiki. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu, nasi hatukuuliza.

Mwaka huu kazi ya kuchagua ufuo ilimwangukia Shamsudin, fundi saa, na ilikuwa na uzito wake. Dadake Alawiya alikuwa amefiwa na mumewe. Eda imekwisha miezi miwili nyuma, lakini mwenyewe bado yuko ghorofani, madirisha kayafunga, chakula apelekewe arudishe nusu. Ndugu wamembembeleza mpaka wamechoka. Shamsudin akapanda ngazi, akaketi, akasema, "Nduyangu, njoo tuvunje jungu pamoja." Alawiya akajibu, "Nitakuja, kaka, ukinitafutia pahali pasipo watu. Sina nguvu ya kutazamwa."

Yule bwana alishuka ngazi mbilimbili na umri wake ule. Dadake akitoka siku hiyo, atatoka tena. Asipotoka, basi Mungu ndiye ajuaye.

Shaaban tarehe nane akamwita Dzoro, dereva wa tuktuk asiyeongea mpaka aulizwe, wakaenda kupekua fuo za umma. Wa kwanza ulikuwa ule mkubwa wa watu wote. Shamsudin hata kiatu hakuvua. Watu walijaa kama siafu: maboya ya mpira, mihogo ya kuchoma, wanafunzi wa bara wanaopiga kelele kwa kuguswa na wimbi la magotini. "Hapa nimlete mfiwa?" akasema. "Twende."

Wa pili ulikuwa mbele ya hoteli moja kubwa. Askari wa langoni aliwaamkia kwa adabu zote, akawaeleza kwamba ufuo ni wa umma kabisa, kila Mkenya ana haki nao, ila njia ya kuufikia ndiyo ya hoteli. Shamsudin akamuuliza je, watu washuke kwa mwavuli kutoka mbinguni? Askari akasema hilo hakuelezwa.

Wa tatu waliufikia kwa kichochoro chembamba kati ya kuta mbili za majumba, na hapo Shamsudin akasimama akasema mashaallah. Mchanga mweupe kama unga wa ngano, bahari imetulia, mtu hata mmoja hakuna. Kasoro ilikuwa moja tu: zile kuta zilikuwa zimeota ukijani mpaka usawa wa kifua. "Matajiri hawa," akasema, "pesa zote hizo na chokaa inawashinda."

"Mzee," Dzoro akasema, "pahali pazuri hivi mbona pamekosa watu?"

"Kwa sababu hawajui kutafuta."

Dzoro akawasha tuktuk yake.

Sasa nikwambie jambo. Huyu Shamsudin ndiye mtaa mzima humuuliza mwezi ni ngapi. Tarehe anazo kichwani, na habari ya mwandamo akiianza kibarazani, watu hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Mtu huyo alikwenda kuchagua ufuo siku ya mwezi nane, maji mafu, bahari haina nguvu ya kupanda wala kushuka, akapanga kurudi mwezi ishirini na nane. Mtoto wa chuoni Kuze angemwambia mwezi ukifa ni bamvua, maji hupwa na kujaa kupita kiasi. Lakini mtoto wa chuoni hakuulizwa.

Siku yenyewe walifika saa nne asubuhi, tuktuk tatu, watu tisa, sufuria ya pilau inayobebwa na wawili. Maji yalikuwa yamepwa, yako mbali huko, mchanga umekuwa uwanja. Shamsudin alitembea kama mwenye shamba. Alawiya alishushwa na buibui lake, akatandikiwa mkeka wake peke yake, akaugeukia ukuta. Sahani ya viazi karai aliyowekewa aliisukuma kando. Duha, mkewe Shamsudin, akanong'ona, "Hata hapa hali."

Baada ya adhuhuri, pilau ikisubiri ipakuliwe, shemeji yake Badawi akakosea akauliza, "Eti, tutafunga kesho kutwa au mtondo?" Shamsudin akasimama. Aliipa bahari mgongo, akaanza: mwezi wa kuonekana hapa, mwezi wa kuonekana ng'ambo, waliofunga mapema, waliochelewa, na ujinga wa wote wawili. Watu walikuwa wakimtazama, kisha wakawa wakitazama nyuma yake. Akadhani hoja zimewaingia, akazidisha sauti.

"Kaka," Alawiya akasema kutoka kwenye mkeka wake. Ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Huo mwezi unaoutafuta umeshafika. Uko miguuni pako."

Shamsudin akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimeondoka. Mikeka ilikuwa ikielea, mahamri yanaogelea, na njia ya kurudi kichochoroni ilikuwa maji ya mapajani, yakipanda kuelekea ule ukijani wa ukutani. Badawi aliinua thermosi ya chai juu ya kichwa akaanza kutoa shahada. Alawiya akaiona sufuria ya pilau inainuka taratibu kwenda zake. Akajitosa na buibui lote, akaushika mkono mmoja wa sufuria, akamwambia Duha ashike wa pili, akawatangulia wote mpaka nje.

Dzoro alikuwa akingoja barabarani na wenzake wawili. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye ule ufuo wa watu wote, maana ndio pekee uliobaki na mchanga. Wakaketi katikati ya makelele, wameloa chapachapa, wakapakua pilau. Shamsudin alikaa karibu na dadake, hana uso.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuahidi pahali pasipo watu."

Alawiya alikuwa na sahani mkononi, anakula, tena kwa haraka. Mbele yao bwana mmoja alikuwa ameng'ang'ania shingo ya ngamia wa kukodi akimwita mama yake, na ufuo mzima umesimama kumwangalia.

"Kule, kaka, mlikuwa wanane mkinitazama mimi peke yangu," akasema. "Hapa nani ataniona, na kuna ngamia?"

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kilio alichokizuia miezi yote, na hakuna aliyegeuka. Alipomaliza akajifuta kwa ukingo wa buibui lililoloa chumvi, akamsogezea kakake sahani.

"Niongeze," akasema. "Na ukoko usimpe Badawi."