Mgeni Niliyemkaribisha Chai Hotelini

Jumamosi, mwanzoni mwa Desemba 1974. Mvua ilikuwa imenyesha karibu wiki nzima, na asubuhi ile ilinyesha tena. Mchana jua likatoka kali, na ardhi ya Tabora ikawa inatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Ninayoyaandika hapa yalitokea. Mimi niliishia darasa la nne, na mengi ninayoyaandika huwa nayatilia shaka kesho yake nikiyasoma. Hili sijalitilia shaka hata mara moja. Nilikuwepo, nilikuwa macho, na jua lilikuwa bado juu. Anayetaka kuniambia niliota, anieleze kwanza ni nani anayeweza kulala akiwa amekaa wima kwenye kiti cha hoteli, amevaa viatu vya kuazima vinavyombana.

Hoteli yenyewe ni ile kubwa ya upande wa stesheni. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja mjini, na makoti meupe ya wahudumu wa hoteli ile nilikuwa nayashona mimi. Lakini nilikuwa napitia mlango wa nyuma, nakabidhi kazi, naondoka. Kukaa kwenye viti vyake, sikuwahi.

Siku hiyo niliingia kwa mlango wa mbele kwa ajili ya mdogo wangu, Zuhura. Baba alifariki Zuhura angali mtoto, kwa hiyo walii wake ni mimi. Alikuwa anaposwa na Idi, karani wa ofisi ya tumbaku, kijana mpole, na Zuhura alimpenda bila kuficha. Kikwazo kilikuwa baba mdogo wa Idi, Mzee Salehe, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wao. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, akarudi na suti, na hakuona kwa nini mtoto wa kaka yake aoe dada wa fundi wa barazani. Akatuma maneno kwamba tuonane hotelini, tunywe chai ya saa kumi, atuangalie, halafu atoe jibu. Akikubali, posa imepita. Akikataa, imekwisha, kwa sababu Idi hakuwa mtu wa kumpinga mkubwa wake. Ndivyo tulivyomjua.

Sitaki kumsema vibaya Mzee Salehe. Huenda alichagua hoteli ili atupime, huenda alifuata sukari tu. Mwaka ule sukari ilikuwa adimu, nyumbani tulikunywa chai kwa asali ya Sikonge, na pale mezani waliweka bakuli zima la sukari ya vipande. Alitia kwenye kikombe chake mpaka kijiko kikawa kinazunguka kwa shida. Na mimi nilitia, nisijifanye.

Sebule ya chai ilikuwa wazi upande wa veranda, na chini ya ngazi kuna njia ya watu wa miguu. Tulikaa wanne: Mzee Salehe, Idi, Zuhura na mimi. Kiti cha tano kilikuwa kitupu. Mhudumu, mzee mmoja ambaye koti lake nililijua mshono kwa mshono, alileta buli, maziwa kwenye kijagi chake, sambusa ndogo kama kidole na keki. Mzee Salehe akamuuliza Zuhura kama kwetu tunajua kula kwa uma.

"Tunakula kwa mkono, Mzee," Zuhura akasema, "lakini mdomo haujawahi kukataa chochote."

Idi alichekea ndani ya kikombe chake. Mzee Salehe naye nusura acheke, nilimwona. Nataka lieleweke: mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Aliniuliza kazi, akaniuliza ukoo, nikamjibu. Nikaanza kuona posa imepita.

Ndipo nikafanya kosa. Kwetu mtu akipita nawe unakula, unamwambia karibu. Humjui, hukumtarajia, chakula hakimtoshi, lakini unamwambia. Naye anajibu starehe, anapita. Ni maneno ya kila siku, mtu huyasema bila kufikiri. Sasa mimi nilikuwa nimeelekea kwenye veranda, nina sambusa mdomoni, nikaona mtu anapita kwenye ile njia na mzigo begani. Nikasema, "Karibu chai, Mzee."

Mzee Salehe akatabasamu upande mmoja. "Hapa si barazani kwako, Fundi. Hapa kila mtu na meza yake."

Nilitahayari. Lakini yule mtu hakujibu starehe. Alisimama. Akapanda ngazi, akaja mezani kwetu, akaegemeza mzigo wake kwenye kiti cha tano, akakaa.

Niamini, sikuona lolote la kutisha mwanzoni. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amejifunga shuka la kaniki. Mzigo ulikuwa mrefu, umepinda kidogo, umeviringishwa kwenye ngozi na kufungwa kwa kamba za magome. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia kwa Kinyamwezi cha zamani, kile alichokuwa akikisema bibi yangu na ambacho hata mama alikuwa anakisikia kwa kubahatisha. Kisha nikatazama miguu yake. Ilikuwa na vumbi, vumbi jekundu mpaka magotini. Wiki nzima ya mvua, mji mzima unateleza kwa matope, je, yeye vumbi lile alilipata wapi?

Nikamtazama Idi, nikamtazama Zuhura. Walikuwa wanazungumza. Mzee Salehe akavua kofia yake, akaiweka kwenye kile kiti cha tano. Hapa nitaandika nilichokiona tu, wala sitaongeza. Kofia ilitua juu ya kiti. Na yule mtu alikuwa amekaa juu ya kiti kile kile. Vyote viwili vilikuwa pale, na hakuna kilichomsogeza mwenzake.

Nadhani si mimi peke yangu niliyemwona. Yule mhudumu alikuja na kikombe cha tano, hakuna aliyemwagiza, akakiweka mbele ya mgeni, akaondoka haraka bila kuinua macho. Baadaye nilimuuliza, akasema alihesabu vibaya. Labda kweli alihesabu vibaya.

Nilimmiminia chai. Ningefanya nini? Nimemkaribisha mwenyewe. Mzee Salehe akauliza kile kikombe ni cha nani, nikasema ni cha mgeni. Akatazama kiti, akaniangalia mimi. Mgeni akainua kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu, na chai ikapungua. Zuhura mpaka leo anasema hakumwona mtu, ila alisikia harufu ya moshi na ngozi mbichi, na aliona chai ikishuka kikombeni. Idi anasema hakuona chochote kabisa. Nayaandika yote kama walivyosema.

Mgeni alipomaliza, akasema kwa Kinyamwezi kile kile, nami nikamwelewa, sijui vipi, "Njia hii nimeipita tangu wakati wa misafara ya pembe za ndovu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia karibu."

Nikamwambia ahsante kwa kuja.

"Sasa nisindikize," akasema. "Nipokee mzigo."

Sikusimama. Mzee Salehe wakati huo huo alikuwa amekohoa, ameweka kikombe chini, amejiweka sawa kitini kama mtu anayetaka kutoa neno. Ndilo neno tulilolifuata. Nikawaza, nikiinuka sasa, nikamwacha Mzee Salehe mdomo wazi, nikatoka kumsindikiza mtu wasiyemwona, posa ya mdogo wangu nimeiua kwa mikono yangu. Nikambembeleza mgeni kwa sauti ya chini, nikamwambia subiri kidogo, bwana.

Hakukasirika. Alisema tu, "Mgeni asiyesindikizwa haondoki. Hulala kwa mmoja wa aliokula nao." Na akageuza uso, akamtazama Zuhura. Akamtazama kama mtu anayetazama nyumba atakayopanga.

Basi. Nikainuka. Watu wameniuliza kama nilisita. Nimeshasema nilisita, lakini alipomtazama Zuhura vile sikusita tena. Nikaupokea mzigo begani, bega la kushoto. Ulikuwa mzito kuliko ukubwa wake, wa baridi, na ulinikandamiza mpaka goti likagonga meza na maziwa yakamwagika kwenye suti ya Mzee Salehe.

"Samahani, Mzee," nikasema. "Namsindikiza mgeni wangu."

Nilimsikia nyuma akiuliza, "Mgeni gani?" Zuhura akaniita, "Kaka?" Sikugeuka.

Tulitoka mjini kwa njia ya Itetemia, yeye mbele, mimi nyuma. Watu tuliopishana nao walinisalimia mimi peke yangu, mmoja akaniuliza kwa nini natembea nimeinamia upande mmoja. Nanyi mnajua desturi: unamsindikiza mgeni mpaka mwenyewe akuambie rudi. Kabla hajasema, huwezi kugeuka, ukigeuka umemfukuza. Tulipita nyumba za mwisho, tukaingia kwenye mashamba, na hakusema rudi. Nikafahamu kwamba halijui neno hilo. Mtu ambaye hajawahi kukaribishwa, nani alimsindikiza akajifunza namna ya kumrudisha mwenyeji? Angetembea nami hadi Usoke, na kutoka Usoke hadi Ujiji, na mimi ningekuwa nyuma yake na ule mzigo, nisirudi tena kwa watu.

Hata hivyo akili ilikaa sawa. Nikajiuliza, mwenyeji husema nini mwisho wa safari? Humpa mgeni salamu. Nikasimama.

"Mgeni wangu," nikamwambia, "uendako uwasalimie."

Alisimama. Aligeuka kwa mara ya kwanza tangu tutoke, na uso wake ulionekana umefurahi, kama mtu aliyekabidhiwa kazi anayoiweza.

"Nimsalimie nani?"

Sikuwa nimejiandaa. Nani ninayemjua huko? Jina lilinitoka lenyewe. Nikamtajia marehemu baba, jina lake na la babu. Nikamwambia amwambie Zuhura amekua, anaposwa, na mimi ninajitahidi.

"Nitamfikishia," akasema. "Rudi sasa."

Akaunyanyua mzigo kutoka begani kwangu, akautia begani kwake, akaenda. Mahindi yalikuwa bado mafupi, hayafiki kiunoni, mtu hawezi kujificha humo. Sikumwona alikoishia.

Niligeuka nikakutana na Zuhura na Idi wanakuja mbio mbio, viatu mikononi. Walifuata nyayo zangu kwenye matope. Idi akanionyesha: nyayo za mtu mmoja tu, zangu, na zote zimezama kama za mtu aliyebeba gunia la chumvi. Kutoka pale niliposimama kurudi, zilikuwa za juu juu kama za watu wote.

Nikamuuliza Idi Mzee amesema nini.

"Amesema hapana," Idi akajibu. "Amesema hawezi kuniozesha kwenye nyumba ya mtu aliyechanganyikiwa."

"Na wewe?"

Aliangalia viatu vyake. "Mimi nimekuja huku, kaka."

Yule kijana tuliyedhani hawezi kumpinga mtu, alikuwa amemwacha baba yake mdogo hotelini anapangusa maziwa. Walioana baada ya mavuno. Mzee Salehe hakuhudhuria, na haki ni haki, sikumlaumu. Angekubali vipi kitu asichokiona? Mpaka leo akinikuta njiani hunisalimia vizuri, ila hakubali chai yangu.

Lililobaki kwangu ni bega. Bega langu la kushoto lilishuka siku ile na halijapanda. Makoti yangu mwenyewe nayaongezea kitambaa upande huo ili yakae sawa. Daktari alisema ni kuinamia cherehani. Huenda. Lakini cherehani huinamisha mabega yote mawili. Na siku za mvua, saa ya chai, linakuwa la baridi kama limeegemezewa chuma.

Kwa hiyo wewe unayesoma, sikukatazi kumkaribisha mpita njia. Mimi bado nakaribisha, na nikiwa hotelini nakaribisha pia, wacheke wanaocheka. Ninachokuonya ni hiki: usilitoe lile neno mdomoni kama unatema kokwa. Kwanza mtazame miguu. Na akikaa, mhudumie mpaka mwisho, umtoe, umsindikize, umpe salamu na jina la kupelekewa. Usiache akachagua mwenyewe pa kulala.

Jioni ya siku ile tulikula ugali wa muhogo na uyoga wa porini, mke wangu aliupika kwa karanga. Idi alikula sinia moja na mimi. Zuhura alimwongezea mchuzi kabla hajaomba, na hakuna aliyemtania.