Shingo ya Kujibia Watu

Dada yangu mkubwa alizikwa na uso usio wake. Juu ya jeneza waliweka picha iliyokuzwa kutoka kadi yake ya mpiga kura: macho yametoka, mdomo umepinda, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama cha mtu aliyekurupushwa kitandani. Hakuna aliyekuwa na nyingine. Nililia sana siku ile, na nusu ya kilio changu ilikuwa hasira.

Maana huyo alikuwa fundi wa kushona kule mtaa wa Bel-Air, na alijua kuvaa kuliko wateja wake wote. Chumba chake cha kazi kilijaa magazeti ya zamani ya mitindo, yenye wanawake wa kofia pana na glavu ndefu, wanaokutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Nilipokuwa msichana alinisimamisha mbele ya kioo niwaige, akinisahihisha kidevu kwa rula.

"Shingo haiko tu ya kubeba kichwa," alikuwa akisema. "Iko ya kujibia bantu."

Matanga yalipokwisha nikachukua kofia yake nyeusi na glavu zake, nikaenda studio. Mpiga picha, kijana mpole, akanionyesha kiti.

"Mama, ucheke kidogo. Na mikono ku magoti."

"Sicheki. Na kiti utoshe."

Akakiondoa. Nikasimama mkono kiunoni, kidevu juu. Nina miaka hamsini na kitu, tumbo ninalo, na miguu imevimba kwa kusimama sokoni. Sikuficha chochote. Kijana akaacha kunifundisha, akaanza kupiga. Nilijiona mrembo, na silionei haya neno hilo.

Nikaagiza picha kubwa yenye fremu, nikaitundika sebuleni. Kaka yetu alipoiona aligoma kuvuka kizingiti.

"Picha mukubwa vile iko ya bafu, ya bantu benye balishakufa. Uko unaita lufu mu nyumba."

Kwetu hilo si neno dogo; lufu ni kifo, na kifo hakifanyiwi utani. Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona ile ya kadi.

"Lufu inajua njia," nikamwambia. "Haingojake muntu aiite. Ikifika, itanikuta nimevaa."

Siku ya misa ya kumkumbuka dada, ukoo wote ulikuja kula kwangu. Nilipotoka jikoni na sinia la bukari, ugali wetu, nikakuta picha imegeuzwa, uso ukutani. Kaka alikuwa akichunguza viatu vyake.

Nikaweka sinia mezani. Nikaigeuza picha, nikaenda chumbani kuvaa kofia, nikarudi kusimama chini yake, mkono kiunoni, shingo ikiwajibu wote.

"Karibuni," nikasema. "Chakula kinapoa."

Siku nitakayokufa, picha ile itawapokea peke yake. Mchana ule tuliwapokea sote wawili, mimi na picha, na kaka ndiye aliyenawa mikono wa kwanza.