Ukuta wa Nne Katika Fremu ya Rozari

Verediana wa Lipangalala, fundi wa fremu, alikuwa mtu wa kushuku. Nalisema mapema, msije mkaniuliza mbele ya safari. Akikuazima nyundo, anakutazama mpaka unakata kona. Ukimwambia utarudi kesho, anakuuliza kesho ya lini. Majirani walimcheka sana kwa hilo. Lakini mtu akifiwa akabakiwa na kitu kidogo cha kutunza, medali, kitambaa cha ubatizo, mbio kwake. Walijua mtu asiyemwamini mtu hapotezi kitu cha mtu.

Sifa yake ilikuwa fremu za kina, zile zinazokaa kama kisanduku, kioo mbele na kitu ndani. Ili kioo kisikigandamize kile kitu, ndani huzungushwa vipande vinne vyembamba vya mbao, navyo ndivyo vinavyokiweka kioo mbali. Verediana aliviita kuta. Mafundi wengine huzikata wakaziacha hivyo hivyo, nyeupe, kama meno. Yeye alizivika karatasi ya manila ileile iliyotandazwa nyuma ya kitu, iliyotoka kwenye shiti moja, na pembeni zikakutana kwa mshazari hata wembe usipite. Ukitazama, unaona rozari inaelea katika rangi moja tu.

"Ukuta ukionekana," alikuwa akisema, "ujue fundi alisinzia."

Basi, Scolastica, binti mkubwa wa Mzee Sylvanus, aliyeolewa kijiji cha Kisawasawa, alimletea rozari ya marehemu mama yake, Angelina. Akataka mbao za mtiki na manila ya buluu, rangi ya Bikira Maria. Kwa kawaida Verediana humhesabisha mwenye mali kitu chake palepale mezani. Siku ile binti alikuwa analia, naye akaona haya kumwambia mfiwa ahesabu punje. Akahesabu peke yake, mara mbili. Makumi yote yalikuwa kamili. Kosa lake ni hilo, kuhesabu bila shahidi.

Miezi ikapita. Ikafika Jumamosi ambayo jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwa Mzee Sylvanus, wiki moja kabla ya misa ya kumbukumbu ya mwaka. Verediana alikuwepo, ni jumuiya yake. Sala imekwisha, chai inamiminwa, akamwona Scolastica amesimama chini ya ile fremu, iliyotundikwa ukutani kwa mzee. Kidole kinatembea juu ya kioo, midomo inacheza.

"Mama fundi," Scolastica akaita, kwa sauti ambayo hata wa barazani waliisikia. "Hebu njoo unisaidie kuhesabu. Kumi la tatu lina punje ngapi?"

Verediana akahesabu. Tisa.

"Na rozari hii mtu wa mwisho kuishika ni nani?"

Vikombe vikatulia. Mama mmoja aliyekuwa amempelekea Verediana kitambaa cha mwanawe juzi tu, akatazama sakafu. Verediana akaona jina lake lote la miaka kumi na moja limening'inia pale kwenye msumari. Likianguka leo, nani atamletea tena kitu cha marehemu wake?

"Nilihesabu mara mbili," akasema. "Zilikuwa kamili."

"Ulihesabu na nani?"

Verediana akaiteremsha fremu, akaisogeza dirishani.

Ndipo macho yake ya kushuku yakafanya kazi. Jua la miezi yote hiyo lilikuwa limeipausha ile manila, na kuta tatu zimepauka nayo sawasawa, kama ndugu wa tumbo moja. Wa nne, wa kushoto, ulikuwa na buluu nyingine kabisa, imekolea katikati, ina michirizi pembeni. Akaigeuza fremu. Misumari ya nyuma ilikuwa imepindwa, ikanyooshwa, ikapindwa tena. Akaisukuma nje mbao ya nyuma, akachomoa ule ukuta. Ulikuwa kipande cha tete, kimevikwa karatasi ya daftari, kimegandishwa kwa wali. Akalowesha kidole kwa mate, akakisugua. Kidole kikatoka buluu.

"Huu si wangu," akasema, na moyo ukamrudi kifuani. "Fremu hii imefunguliwa, humuhumu ndani. Na karatasi hii imechovywa kwenye buluu ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe." Akageuka taratibu. "Nani katika nyumba hii anafua kwa buluu?"

Alilijua jibu. Kila mtu alilijua. Eveline, mke wa mtoto wa mwisho wa mzee, anayekaa naye hapo, ndiye anayefua vitambaa vya altare vya kigango kizima.

Eveline akaweka birika chini. "Anayefua ni mimi."

"Ahaa," akasema Scolastica.

"Ahaa nini, wifi? Kopo la buluu linakaa dirishani. Hata kuku analiona."

"Kuku hakati tete."

"Na mimi niibe punje moja ya mti niifanyie nini? Niipande?"

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Verediana hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono ya Eveline, na kucha zake zilikuwa na buluu pembeni. Akazionyesha kwa kidole, watu wote wakaziona. Macho ya Eveline yakajaa machozi.

"Mwacheni mke wa mwanangu," akasema Mzee Sylvanus kutoka kwenye kiti chake. "Ni mimi."

"Baba, usimfiche," Scolastica akasema.

"Nimfiche nini? Mkienda shambani, naye akienda kanisani na vitambaa vyake, naifungua kwa kisu cha mezani. Naichukua rozari, naenda kusali kisimani, nairudisha. Mwezi uliopita uzi ulikatika pale kisimani, punje moja ikatumbukia majini. Nikazitunga upya kwa mshipi wa samaki. Ukuta nao ukanivunjikia mkononi. Nikatengeneza mwingine kwa tete, nikauchovya kwenye kopo la buluu."

"Sasa kwa nini hukusema? Tuliiweka kwenye kioo isipotee!"

"Kwako haikupotea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisali na mama yako, jioni zote. Mkaitundika, mkaniachia niitazame."

Scolastica akakaa. Baadaye akasema chinichini, "Mama fundi, nisamehe."

"Sijasikia," Verediana akasema. "Uliponishtaki walisikia mpaka wa barazani. Niombe radhi kwa sauti ileile."

Scolastica akasimama, akasema kwa sauti ileile. Wazee wakaitikia, yule mama wa kitambaa akanyanyua uso. Verediana akavuta pumzi, akaanza kukunja miwani yake.

"Na mimi je?" akauliza Eveline.

"Wewe nini, mwanangu?" Verediana akamuuliza.

"Kucha zangu, mama. Mbona ulizionyesha kwa watu wote?"

Katika maisha yake Verediana alikuwa ameshuku wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudia kudai. Akatazama mlangoni, ni mbali. Akawatazama wanajumuiya, wote wanangoja, vikombe mkononi.

Akasimama wima, akasafisha koo, akasema kwa nguvu hata anayepita na baiskeli nje akageuka:

"Eveline, nimekukosea mbele ya hawa wote. Nisamehe."