Mashine Moja, Kulungu Wanne

Bi Msumeno alikuwa mkata nyama. Jina hilo alibandikwa na wawindaji, maana mfupa wa kulungu aliukata kwa msumeno kama mtu anayekata mkate. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Na tuelewane, hakuwa muuza nyama, yeye aliletewa. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, wanaume walishusha wanyama wao mlangoni pake, naye akachuna, akakata, vipande vizuri akavifunga, na mabaki ya shingo na mbavu akayapitisha kwenye mashine ya kusaga. Kila mtu akarudi kwake na kulungu wake ndani ya mifuko.

Ndivyo walivyoamini.

Ile mashine ina vyuma kumi na kimoja vya kufungua na kusugua. Mumewe alipokuwa hai, kusugua kulikuwa kwake. Kila mnyama akimalizika alifungua, akaosha, akafunga, huku akipiga mluzi. Alipofariki, mjane akabaki na mikono yake miwili na mgongo unaolalamika kuliko mkwe. Mwaka wa kwanza alijikaza. Wa pili, Jumamosi moja, akamwaga mabaki ya kulungu wanne katika beseni moja, akasaga mara moja, akagawa kwa mizani. Hakumpunja mtu, na mbingu hazikuanguka. Basi ikawa ndiyo kawaida, miaka tisa. Ukitaka kumwita mvivu, simama kwanza saa kumi na nne kwenye sakafu ya saruji, halafu tuzungumze.

Tena wenyewe walisifu!

"Ya kwangu ina utamu wa mlimani," Mwalimu mstaafu alikuwa akitamba pale kwa Bi Msumeno. "Ya huyu Fundi Saa inanuka oili."

"Afadhali oili kuliko chaki, Mwalimu."

Bi Msumeno aliinamia beseni ili wasimwone akicheka.

Mwaka huu ukaja ugonjwa wa kulungu, ule unaowakondesha mpaka wanasimama wakidondosha udenda bila kumkimbia mtu. Madaktari wa wanyama walisema hawajaona binadamu aliyeupata, ila nyama ya mnyama mgonjwa isiliwe, na kuichemsha sana hakusaidii kitu. Wakaomba vichwa vipelekwe kupimwa. Wengi walipuuza. Fundi Saa, mtu asiyeiamini hata saa ya ukutani mpaka aitegee sikio, alipeleka.

Jumatano mchana akaingia kwa Bi Msumeno, kofia mkononi.

"Dada, wangu alikuwa nao. Na alivyokuwa mnene! Alikimbia vizuri tu."

"Pole, kaka."

"Yote nimeitoa kwenye friza, hatukuwa tumeigusa. Nashukuru balaa ni langu peke yangu. Mwalimu na wale wawili tulioleta nao Jumamosi wako salama."

Bi Msumeno aliendelea kunoa kisu ambacho kilikuwa kimeshanoleka. Akinyamaza, nani atajua? Mashine haina mdomo. Akisema, nani atamletea tena hata sungura? Lakini nyumba tatu zilikuwa zinakula. Uchovu wa miaka tisa ukampanda kutoka visiginoni.

"Kaka, kaa."

"Nina saa ya mtu nimeiacha wazi..."

"Kaa, nimesema. Ile ya kusaga si yako peke yako. Nilichanganya. Wote wanne."

"Jumamosi hii iliyopita?"

"Kila Jumamosi. Mwaka wa tisa huu."

Fundi Saa aliitazama mashine, akamtazama yeye. "Mungu wangu, dada. Na mimi ninavyobishana na Mwalimu!" Alianza kucheka, akaacha, akavaa kofia. "Twende. Ila mimi sisemi neno. Utasema wewe."

Nyumba ya kwanza walimtukana. Ya pili hawakumtukana. Mifuko ilirushwa nje, mlango ukafungwa. Aliiokota mmoja mmoja, akashika kiuno, wakaendelea.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyeshindwa somo. Hakufoka, na heri angefoka. Akafungua friza, akatoa mifuko miwili.

"Nilikupa mitatu," alisema Bi Msumeno.

"Mmoja tuliupika jana. Mjukuu wangu alikuwepo. Akaomba aongezwe, nami nikamwongeza." Mwalimu alivua miwani. "Sasa mama yake nimwambie nini? Hebu wewe nifundishe."

Bi Msumeno alivuta kiti bila kukaribishwa, akanyoosha mkono apewe simu.

"Usimwambie wewe. Mpigie, nitasema mwenyewe."

Mwalimu akabonyeza, akampa. Simu iliita mara nne.

"Ndiyo, baba?"

"Si baba, mwanangu. Ni mimi, mkata nyama. Mtoto mzima? Haya, vizuri. Tafuta mahali ukae kwanza, nina neno la kukuambia. Na kosa ni langu, si la baba yako."